Radhi Aliyoombeshwa Dufie

Akua Dufie alisomea ualimu kwa majuma kumi na moja, na kwa ajili ya majuma hayo kumi na moja mji mzima wa Bomfakrom unamwita Titsha hadi leo. Mwanzoni lilikuwa jina la kumchokoza. Aliondoka mwezi wa Oktoba, watu wakamsindikiza mpaka stendi ya malori wakiimba, na kabla ya Krismasi akarudi kimya kimya akiwa na mjomba wake. Wanawake bombani wakawa wanaulizana kwa sauti ya kumfikia, "Jamani, Titsha kafunga shule?" Baadaye akajifunza kuoka mikate kwa shangazi yake, mikate ikapendwa, na jina likahamia kwenye mikate. Ukifika stendi yetu leo utasikia wasichana wakichuuza mkate wa Titsha, na wengi wanaoununua hawajui kwamba Titsha mwenyewe hajawahi kufundisha hata mtoto mmoja.

Kilichomrudisha nyumbani kilianza na ufunguo.

Mwaka 1986 pale Chuo cha Ualimu cha Asuoyaa palikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote na hakuna aliyethubutu kuuvunja. Msichana wa mwaka wa kwanza alipewa mama. Mama wa chuo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Ulimfulia, ulimtekea maji, ulimpigia pasi sare ya Jumapili, naye akakulinda usionewe na wenzake. Na kila msichana alikuja na sanduku la mbao la chakula: unga wa muhogo uliokaangwa, sukari, maziwa ya kopo, na shito, ile pilipili nyeusi ya samaki ambayo mama mzazi huipika siku nzima akiwa na mawazo ya mwanawe. Ufunguo wa sanduku ulikaa kwa mama wa chuo. Walisema watoto hawana kiasi, watamaliza chakula cha muhula wote kwa juma moja. Kwamba mama naye alikuwa anakula humo, hilo halikusemwa, ila lilijulikana.

Mama wa Dufie alikuwa Comfort Birago, msichana mrefu mwenye maneno matamu, aliyependwa hata na wapishi. Alimchagua siku ya kwanza kwenye mstari wa wageni.

"Wewe wa Bomfakrom, unajua kusuka?"

"Najua, Sista."

"Basi umepata mama. Lete ufunguo."

Dufie aliutoa kwa furaha. Na nisimsingizie Birago, mwanzoni alimlea kweli. Juma la tatu Dufie alipopata homa kali, Birago ndiye aliyekesha naye, akamnywesha supu kwa kijiko chake mwenyewe, akamfunika kwa kitambaa chake kizuri. Dufie alikuwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kuwa na dada. Angempa roho yake, seuze ufunguo.

Juma la kumi yakaanza maneno. Karatasi za mtihani wa mwisho wa mwaka wa tatu zilikuwa zimevuja mjini, na ilisemekana kuna msichana wa bweni lao kazinunua. Mkuu wa chuo, Madam Eshun, mwanamke wa Kifante asiyetaniwa, alitangaza kwamba mwenye karatasi asipopatikana atawarudisha makwao wote, bweni zima. Jumatano baada ya sala ya asubuhi akaja na walimu wawili na mlinzi. Bweni lilikuwa na vitanda ishirini na vinne. Walivipita kumi na viwili bila hata kuinama, wakasimama kwenye cha Dufie, wakataka sanduku la chakula lifunguliwe. Birago akatoa ufunguo. Chini ya kopo la shito, zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, karatasi zikaonekana.

"Za nani hizi?" akauliza Madam Eshun.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana kazi na mtihani wa mwaka wa tatu, kwa hiyo kila aliyekuwa mle ndani alielewa kwamba kuna mtu anayewekewa. Dufie alimtazama Birago. Birago alikuwa anamtazama yeye, macho yamejaa machozi.

Mchana wakakutana nyuma ya chumba cha kufulia, na huko Birago, mama yake, akampigia magoti.

"Dufie, nisikilize. Mimi nimebakiza miezi sita. Nyuma yangu kuna wadogo watano. Wakijua ni mimi nimekwisha. Wewe mtoto, hata mtihani wenyewe haukuhusu. Usikubali, usikatae. Omba radhi tu. Mlete mjomba wako aje kukuombea. Watakupa adhabu ya kufyeka uwanja, wiki moja, basi."

"Lakini nikiomba radhi, Sista, si nitakuwa nimekiri?"

"Nani kakwambia? Mkubwa akikasirika anaombwa, umemkosea hujamkosea. Au nyinyi Bomfakrom hamkufundishwa adabu?"

Na katika hilo Birago hakusema uongo. Hapa kwetu ukimkuta mzee amekasirika, unaomba kwanza. Unaomba kama unavyovua ndala kabla ya kumsalimia mfalme wa mji. Ukweli unatafutwa baadaye, watu wakiwa wamepoa. Hakuna mtu wa Bomfakrom angeshangaa kusikia kwamba fulani ameomba radhi kwa jambo asilolifanya.

Mjomba wake, Wofa Antobam, akaja na wazee wawili, trei ya mayai na viazi vikuu vitatu. Walipoingia kwa Mkuu waliteremsha nguo zao begani kwa heshima, na Wofa akasema kama alivyosema maisha yake yote penye ugomvi: "Mama Mkuu, mtoto ni wetu na ni wako. Tumekuja kukushika miguu." Dufie akapiga magoti.

"Anaomba radhi kwa kosa gani?" akauliza Madam Eshun.

"Kwa lolote lililokukasirisha," akajibu Wofa, kabla Dufie hajafungua mdomo.

Karani alikuwa pembeni anaandika. Mayai hayakupokelewa. Kesho yake barua ikasomwa mbele ya chuo kizima, kwamba mwanafunzi Akua Dufie amekiri kosa na kuomba msamaha mbele ya wazee wake, kwa hiyo amefukuzwa, na asipokelewe katika chuo chochote cha ualimu nchini. Kwenye lori Wofa Antobam alikaa na trei yake ya mayai mapajani, akawa anarudia, "Lakini tuliomba vizuri. Sijui tulikosea wapi." Alikufa miaka minane baadaye, bado hajajua.

Dufie hakumtaja Birago wakati ule wala baadaye. Nani angemsikiliza, na karatasi ina kukiri kwake? Halafu alimhurumia. Alijiambia kwamba Birago aliogopa, akanyamaza, na mtu aliyeogopa anaweza kusamehewa. Watoto wake walipozaliwa aliwaambia kwamba aliacha chuo kwa sababu bibi yao aliugua. Ulikuwa uongo mdogo, wa kujisitiri, na aliusema mara nyingi mpaka ukawa laini mdomoni.

Birago alipanda. Akawa mwalimu, akawa mwalimu mkuu, akawa mkubwa wa elimu wa wilaya nzima. Kila alipopita Bomfakrom na gari la ofisi alisimama kwenye tanuri la Dufie, akashuka, akamkumbatia mbele ya watu, akanunua mikate. Na kila mara alimvuta pembeni. "Dufie, lile jambo sijalisahau. Acha nistaafu kwanza, unajua mambo ya pensheni. Siku nikistaafu nitasimama mbele ya watu nikusafishe jina." Dufie alikuwa anaitikia. Alisubiri miaka thelathini na mitatu, na katika miaka hiyo hakuna siku aliyoona mtoto na madaftari asimkumbuke yule msichana wa miaka kumi na tisa aliyepiga magoti.

Basi fikiria ilivyokuwa mwaka ambao mambo mawili yalikuja pamoja. Birago alistaafu. Na Nhyira, kitinda mimba wa Dufie, akapata nafasi Asuoyaa, chuo kile kile. Simu ikalia.

"Dufie, wamenialika kuzungumza na wanafunzi wapya. Wanataka niseme, kama ningekuwa naanza chuo leo, ningejipa ushauri gani. Nitasema habari yetu. Njoo ukae mbele, nikuone."

Dufie alikata simu akakaa juu ya gunia la unga. Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa fundi akashona nguo nyeupe.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Nhyira alikuwa anapanga vitu vyake sakafuni. "Mama," akasema, "wewe ulikaa pale. Kama ungeanza tena leo, ungefanya nini tofauti?"

Dufie alikuwa na jibu, tena refu. Alikuwa akizungumza na yule msichana wa zamani karibu kila alfajiri akikanda unga. Alimwambia asitoe ufunguo, asipige magoti, amfunge Wofa mdomo kwa mkono wake na ajibu mwenyewe. Siku nyingine alitamani kumpiga kofi, siku nyingine kumkumbatia. Lakini angemwambiaje mwanawe hayo bila kumwambia na mengine? Na baada ya siku mbili yangesemwa na mwenyewe aliyeyafanya, mbele ya ukumbi mzima.

"Jumamosi utasikia," akasema. "Kuna mtu atakwambia vizuri kuliko mimi."

Jumamosi Dufie alivaa nguo yake nyeupe, akajipaka poda nyeupe shingoni na mikononi, kama wanavyofanya walioshinda kesi wapite barabarani watu wawaone. Nhyira alimtazama juu mpaka chini.

"Mama, leo umemshinda nani mahakamani?"

"Subiri, utamjua."

"Isije ikawa umemburuza yule wa kutuuzia unga."

Walicheka njia nzima. Ukumbini Dufie alikaa mstari wa pili, nyuma ya wageni waalikwa, Nhyira pembeni yake na daftari jipya.

Birago alipanda jukwaani kwa kitenge cha bluu, mnene sasa, mwenye kupendeza. Alianza kwa utani. "Nikiwa na umri wenu nilikuwa na kiuno. Siku hizi nina cheo." Ukumbi ukaangua kicheko. "Sasa, nimeulizwa, Madam, ungekutana na Birago aliyekuwa anaanza chuo, ungemwambia nini? Nimefikiri wiki nzima. Ningemwambia hivi: Birago, angalia sana unayemlea."

Anaanzia mbali, Dufie akajiambia, akanyoosha mgongo.

"Nilipewa binti wa mwaka wa kwanza. Nilimpenda huyo mtoto. Alipougua nilimnywesha supu kwa kijiko changu. Siku moja nafungua sanduku lake nimtolee sukari, nakuta karatasi za mtihani. Mtihani wangu mimi! Nani alimtuma, mpaka leo sijui. Ningefanya nini? Ningenyamaza, bweni zima lingefukuzwa. Nilikwenda kwa Mkuu kwa miguu yangu, alfajiri, kabla ya sala. Nikamwambia, Mama, njoo uone. Nililia njia nzima."

Nhyira alikuwa anaandika. Dufie hakusikia sentensi zilizofuata. Alikuwa anaona walimu wakipita vitanda kumi na viwili bila kuinama. Siku zote alidhani ni bahati mbaya yake. Kumbe walikuwa wameelekezwa. Yule aliyempigia magoti mchana nyuma ya chumba cha kufulia, akilia kuhusu wadogo watano, alikuwa ametoka kumchongea asubuhi ile ile. Akatoa na ufunguo kwa mkono wake. Miaka thelathini na mitatu Dufie amemsamehe mtu kwa kuogopa, na mtu hakuogopa hata kidogo.

"Lakini sikufundishwa kuweka kinyongo," Birago alikuwa anaendelea, sauti imelainika. "Nilimwombea yeye na wazee wake. Na leo yuko humu ndani. Nimemsamehe zamani, na nikipita kwao nanunua mkate wake. Akua Dufie, mpenzi wangu, simama watu wakuone."

Na Dufie akasimama.

Ningependa kusema kwamba alisimama ili aseme neno. Hakusema. Alisimama kwa sababu ameitwa na mkubwa wake, kwa jina lake lote, mbele ya watu, na tangu azaliwe hakuna mkubwa aliyemwita akabaki amekaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wazazi walinyanyuka kwenye viti. Mama mmoja nyuma yake alimpapasa mgongo akisema, "Mungu ni mwema, dada, Mungu ni mwema." Birago alifungua mikono kule jukwaani. Dufie akainamisha kichwa kwa kushukuru, kama inavyopasa, na alipoinua kichwa akakutana na macho ya Nhyira. Kalamu ilikuwa imesimama.

Mstari wa mbele kulikuwa na wanawake wawili waliosoma enzi zile. Mmoja akamwegemea mwenzake. "Kumbe kweli alikuwa yule mtoto. Na sisi miaka yote tunasema ni Birago."

"Sasa hata lile bweni jipya walipe jina lake bila maneno," mwenzake akajibu.

Hapo Dufie akaelewa kwa nini alialikwa akae mbele.

Alimkuta Birago nje, karibu na tangi la maji, kazungukwa na watu wa kumpongeza. Alisubiri mpaka wakapungua.

"Sista." Bado alimwita hivyo. "Uliniahidi."

"Nimeahidi nini nisichofanya? Nilisema nitakusafisha. Hukuona watu walivyokupigia makofi?"

"Wamenipigia makofi kwa kosa lako."

Birago alitazama huku na huku, akasogea karibu, akaanza kumtengeneza Dufie nguo begani, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kwenda kanisani. "Dufie, sikiliza. Mwezi ujao wanafungua bweni kwa jina langu. Kulikuwa na maneno ya chini chini, sasa yamekwisha. Wewe una tanuri lako, una watoto, mji mzima unakupenda. Unapungukiwa nini? Ukweli tunaujua mimi na wewe. Si inatosha?"

"Ulikwenda kwa Mkuu alfajiri. Halafu mchana ukanipigia magoti."

Mkono uliokuwa begani ukasimama kidogo, kisha ukamalizia kukunja nguo. "Mtoto wako nimemwona," akasema Birago. "Mzuri, mtulivu. Nitamtafutia mama mwema hapa chuoni, usiwe na wasiwasi." Akageuka kumsalimia mzee mmoja aliyekuwa anapita, akamuuliza habari za mguu wake.

Dufie alibaki pale. Hasira ilikuwa nyingi na haikuwa na mahali pa kwenda. Angepiga kelele, wangesema yule mwenye karatasi kaanza tena. Angekwenda kwa Mkuu wa sasa, faili lingeletwa, na katika faili kuna Wofa na wazee wawili na neno kukiri. Ushahidi wote wa kumshtaki Dufie ulikuwa umetolewa na Dufie mwenyewe, leo kwa mara ya pili.

Nhyira akatokea upande wa ukumbi. Alikuwa amelia na kunawa uso.

"Ulisema bibi aliugua," akasema.

"Nilisema uongo. Lile la bibi ni uongo, mwanangu. Lakini hili la leo ni uongo mkubwa zaidi. Sikuziweka mimi zile karatasi. Ufunguo alikuwa nao yeye. Zilikuwa zake, alizinunua yeye, akaniwekea mimi, akaenda kunisemea."

"Yeye ndiye alikusemea. Hilo mwenyewe kasema."

"Kasema nusu."

"Sasa kwa nini hukukataa wakati ule?"

"Niliambiwa niombe radhi. Wofa akaja tukaomba."

Nhyira alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa upole mkubwa alijaribu kumsaidia mama yake. "Mama, mtu haombi radhi kwa kitu asichofanya."

"Sisi tunaomba. Wewe unajua tunaomba."

"Sawa. Ile ya zamani tuseme uliogopa, ulikuwa mdogo. Lakini leo? Leo una miaka hamsini na miwili. Kasema mbele ya watu wote kwamba uliiba mtihani, kasema amekusamehe, akakuita jina. Mama, ulisimama. Ukamshukuru."

"Niliitwa," akasema Dufie. "Aliniita mkubwa wangu."

Alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo. Kengele ililia kule mabwenini, wageni wa mwaka wa kwanza wanaitwa wakapangiwe wakubwa wao. Nhyira akafunga daftari lake, akamkumbatia mama yake kwa nguvu, mashavu yake yakiwa bado na maji.

"Usilie. Yameshapita, na ungeniambia tu tangu zamani nisingekuchukia. Mimi nimekusamehe, Mama. Kweli kabisa."

Dufie alitafuta maneno ya kukataa msamaha huo, aking'ang'ania mkono wa mwanawe. Kengele ikalia tena, na kutoka mdomoni mwake, kwa adabu ile ile aliyofundishwa, yakatoka aliyoyazoea.

"Asante, mwanangu," akasema.